Mpwa anataka jeshi: muulize kwanza kuhusu ile miaka miwili

Mkuu, umesema mpwa wako kamaliza kidato cha sita kwa matokeo ya wastani, habari za chuo hataki kuzisikia, anataka jeshi tu. Dada yako analia, shemeji anashangilia, na wewe mjomba mtu umeachiwa kazi ya kuongea naye. Nakujibu kama mtu niliyeingia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa kujitolea, nikachukuliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) na kuvaa magwanda mpaka nikastaafu. Kwetu vijana wawili walishanifuata na swali hilo hilo. Mmoja leo ni askari, mwingine ana karakana ya kuchomelea.

Familia nyingi huanza na vita. Mama anasema utaenda kufia Kongo, kijana anasema siogopi, maongezi yanakufa hapo hapo. Usimfiche kwamba kifo kipo. Desemba 7, 2017 kambi ya walinda amani kule Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa usiku na wanajeshi wetu 15 wakauawa. Wale walikuwa watoto wa watu, na kila anayekula kiapo ajue hilo. Lakini kijana wa umri wake ukimtisha na kifo hakusikii. Mahali nilipoona vijana wakivunjika moyo kwa wingi si vitani, ni kwenye miaka miwili ya JKT.

Wale wa mujibu wa sheria, yaani wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa JKT kisheria, utaratibu uliorudishwa mwaka 2013, hukaa miezi mitatu wakaendelea na safari zao za vyuo. Mpwa wako akitaka jeshi lenyewe, njia iliyozoeleka ni kujitolea kwa mkataba wa miaka miwili. Nafasi huombwa kupitia ofisi za wilaya na mkoa, na matangazo husema wazi kwamba JKT haitoi ajira wala haimtafutii mtu ajira: inafundisha ulinzi na stadi za kazi ili kijana akajitegemee. Kila kijana anausoma mstari huo, na kila mmoja anaamini umeandikiwa mwenzake. Ajira za JWTZ, Polisi na Magereza zikitoka, wenye cheti cha JKT hutazamwa kweli, ila wanaotaka ni wengi na nafasi ni chache.

Kumbuka ukuta wa Mirerani, ule wa kuzunguka machimbo ya tanzanite, kilomita 24.5. Ulipozinduliwa Aprili 2018, Rais Magufuli aliagiza vijana wa JKT walioujenga waajiriwe. Tangu hapo matumaini yalipanda kambi zote. Aprili 2021 vijana 854 waliondolewa JKT baada ya kugoma na kuandamana wakidai ajira. Sitaki kuwahukumu. Nawaza tu uchungu wa kurudi nyumbani na begi, wakati kijiji kizima kilishakuita afande.

Kwa hiyo swali la kumkalisha nalo chini ni hili: ukimaliza miaka miwili usichukuliwe, utafanya nini? Asipokuwa na jibu, bado hajawa tayari. Yule wetu wa karakana nilimwambia tangu mwanzo asikimbilie kazi nyepesi za kambini, aende akashike fani. Akajifunza kuchomelea, akakaa akisubiri majina, jina halikutoka. Alirudi na ujuzi mkononi na sasa analisha familia yake. Wengine wa kombania yake, yaani kikosi chake, walirudi na picha za gwaride tu.

Halafu kuna maisha yenyewe, akibahatika. Kwata, mchakamchaka wa alfajiri na doso (adhabu za kijeshi) za kule depo Kihangaiko, kambi ya mafunzo ya askari wapya, zinapita, mwili unazoea. Kisichopita ni kuamriwa. Unahamishwa leo Mtwara, kesho Kagera, na hakuna wa kumwambia mke wangu amejifungua juzi. Mwanangu wa pili nilimkuta tayari anatembea. Kuoa kuna utaratibu wake, na siasa ndiyo usahau: Katiba, ibara ya 147, inamruhusu mwanajeshi kupiga kura lakini si kujiunga na chama. Kama mpwa wako ni wa kubishana kila kitu mtandaoni, mwambie mapema.

Mimi sijutii hata siku moja. Jeshi lilinipa kazi, nidhamu na ndugu ambao hata leo nikifiwa wanafika kabla ya majirani. Ndiyo maana sipendi kijana aingie kwa sababu tu matokeo hayakuwa mazuri na mtaani hakuna kazi. Aingie kwa sababu anataka kutumikia.

Jambo jingine, hela. Atatokea mtu na namba ya simu akidai anamjua mkubwa makao makuu, anaomba laki kadhaa aingize jina. Huyo ni tapeli, hata akija amevaa sare. Nafasi haziuzwi. Nimeona mama akiuza shamba kwa ajili ya hilo.

Dada yako akae kwenye maongezi, asiambiwe matokeo tu. Na kama kijana bado anataka baada ya yote haya, mpelekeni ofisi ya wilaya ninyi wenyewe mkaulize utaratibu. Cheti cha kuzaliwa kama hana, aanze RITA wiki hii, na kitambulisho cha NIDA akifuatilie sambamba. Matangazo ya JWTZ kwa wa kidato cha nne na sita hutaka asiyezidi miaka 24 na ambaye hajaoa, mwenye vyeti halisi, na yakitoka muda wa kuomba huwa mfupi.