Pesa njia yake, taarifa njia yake
Umeuliza kama mwanamke wa Ayalandi hulipa akitoa mimba kwa daktari wa familia. Halipi, mradi awe mkazi wa huko. Tangu Januari 2019 daktari analipwa na serikali kupitia HSE, shirika la serikali la huduma za afya.

Taarifa ni jambo jingine, na hapo ndipo wengi huchanganya. Sheria ya utoaji mimba ya 2018 inamtaka daktari amjulishe Waziri wa Afya ndani ya siku 28 baada ya mimba kutolewa. Anaandika namba yake ya usajili, tarehe, kifungu cha sheria na kaunti anakoishi mwanamke. Jina la mwanamke halimo, na nashukuru sana kwa hilo: mtu akihofia kujulikana atachelewa, na kwa daktari wa familia mwisho kwa kawaida ni wiki 9 za ujauzito.