Fidla, kazi na mke aliyenuna

Mdogo wangu, umesema mchana unafundisha sekondari, usiku mara nne kwa wiki uko kwenye mazoezi ya taarab na fidla yako, mtoto ana miezi mitano na mkeo amekwambia uchague. Usichague kitu bado.

Kwetu Unguja taarab haijawahi kuwa ya watu wasio na kazi nyingine. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa 1905, kimevuka karne kwa wanachama ambao mchana wana shughuli zao. Siti binti Saad mwenyewe, yule mwimbaji maarufu wa taarab, alianza kwa kutembeza vyungu. Kwa hiyo tatizo si fidla, ni hizo siku nne.

Mimi ni fundi cherehani, napiga udi. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa nilimwambia wazi kiongozi wa kikundi chetu: nitakuja Jumatatu na Alhamisi tu, na harusi moja kwa mwezi. Alinuna, akazoea. Nyimbo mpya nilijifunza nyumbani baada ya isha, nimepachika kipande cha kitambaa chini ya nyuzi zisilie sana, mtoto kalala mkekani. (Mpaka leo mke wangu anazijua nyimbo zile kunishinda.)

Na pesa ya harusi, hata ikiwa elfu kumi, ifike nyumbani usiku ule ule. Nadhani mkeo hachukii muziki. Amechoka kubaki peke yake saa nne za usiku na mtoto analia. Mwambie yeye kwanza siku zako mbili, ndipo umwendee kiongozi wako.