Ukikwama kwenye sudoku ngumu, badili swali kabla ya kukisia

Mwakeye wakuu. Mleta mada anasema sudoku za daraja la juu (yale mafumbo ya vyumba tisa kwa tisa unayojaza namba 1 hadi 9 bila namba kujirudia kwenye mstari wa kulala, safu ya kusimama wala boksi la vyumba tisa) huwa zinamkwamia katikati, anauliza akisie tu au ajifunze mbinu kubwa kama eksi-wingi (X-Wing, nitaieleza chini). Kaongeza kwamba fumbo lake ni gumu kwa sababu limeanza na namba 22 tu zilizojazwa tayari. Mimi niko Kigoma mjini, nacheza haya mambo kwa penseli na karatasi miaka mingi sasa, kwa hiyo nitamjibu kwa kirefu kidogo.

Hilo la namba 22 lisikutishe, mkuu. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha Dublin walithibitisha kwa kompyuta kwamba fumbo lenye jibu moja tu haliwezi kuanza na namba chini ya 17. Kwa hiyo 22 bado ni nyingi. Nimeshakutana na fumbo la namba 24 nikalimaliza chai haijapoa, na lingine la 28 likanikalisha siku mbili. Kinachopima ugumu ni aina ya hoja unayolazimika kuitumia ili upate chumba kinachofuata.

Sasa kukisia. Niliacha siku niliyokuwa kwenye treni naelekea Dar. Nilikwama, nikaona chumba kina 3 au 7, nikaandika 7 kwa kalamu ya wino tukiwa Nguruka. Vyumba vikajaa vizuri mno, nikafurahi. Tunakaribia Urambo ndipo nikakuta safu moja ina 5 mbili. Kurudi nyuma haikuwezekana, kwa sababu sikujua tena namba ipi ilitoka kwenye hoja na ipi ilitoka kwenye lile kisio. Kosa la sudoku halijionyeshi pale lilipozaliwa. Linakuja kukuumbua vyumba ishirini mbele.

Tabora tulikaa muda mrefu tukisubiri mabehewa yetu yaunganishwe na ya Mwanza. Mzee mmoja tuliyepanda naye Kigoma, fundi saa wa Mwanga, aliomba kulitazama gazeti lenye lile fumbo. Akafuta alichoweza, akachora upya kiboksi pembeni, akaniambia: "Mwanangu, chumba umekiuliza mara kumi. Sasa iulize namba."

Hapo ndipo nilipoelewa mchezo huu, na ndiyo sababu naandika. Mbinu zote mnazozitaja humu zinajibu moja kati ya maswali mawili. Swali la chumba: hapa inaweza kukaa namba gani? Swali la namba: 6 ya mstari huu inaweza kukaa wapi? Wengi tunang'ang'ania la kwanza, na tukikwama tunaliuliza tena lile lile kwa nguvu zaidi.

Mifano, ili tuelewane. Mstari naita ule wa kulala, safu ule wa kusimama, boksi ni ile ya vyumba tisa.

Upande wa chumba kuna mapacha. Safu ya 7 ina vyumba viwili, vyote vimebakiwa na 3 na 8 tu. Hizo mbili zimeshachukua vyumba vyao hata kama hujui ipi iko wapi, basi futa 3 na 8 kwenye vyumba vingine vyote vya safu hiyo. Rahisi, na inafungua mengi.

Upande wa namba kuna kitu ambacho watu wanakiruka na kukimbilia mbinu zenye majina makubwa. Tuseme kwenye boksi la juu kushoto, 4 imebakiwa na vyumba viwili, na vyote viko mstari wa 2. Basi 4 ya mstari wa 2 lazima iwe ndani ya boksi hilo, na nje ya boksi hilo mstari mzima hauna tena 4. Kwa uzoefu wangu hii ndiyo inayokwamua mafumbo mengi kuliko nyingine yoyote.

Eksi-wingi ni swali hilo hilo la namba, ila unaiuliza mistari miwili kwa pamoja. Mstari wa 3, 6 inaweza kukaa safu ya 2 au ya 7 tu. Mstari wa 8 hivyo hivyo, safu ya 2 au ya 7 tu. Mmoja ukichukua safu ya 2, mwingine lazima uchukue ya 7. Kwa vyovyote safu zote mbili zimeshapata 6 zake, kwa hiyo unaifuta 6 kwenye vyumba vingine vya safu hizo.

Ikishindikana, narudi kwenye vyumba na kutafuta mabawa, yaani chumba kimoja chenye namba mbili kinachounganisha vingine viwili vya namba mbili mbili. Mstari wa 1 safu ya 1 kuna 2 na 5. Mstari wa 1 safu ya 6 kuna 2 na 9. Mstari wa 3 safu ya 2 kuna 5 na 9. Kile cha kwanza kikiwa 2, cha pili ni 9. Kikiwa 5, cha tatu ni 9. Chumba chochote kinachotazamana na hivyo viwili vya mwisho (yaani kila kimoja kiko naye mstari, safu au boksi moja), kama mstari wa 3 safu ya 5, hakiwezi kuwa 9. Angalia vizuri: hapa umefuata njia zote mbili na zimekupeleka sehemu moja. Huo ni uthibitisho, tofauti kabisa na kile nilichokifanya Nguruka.

Kuhusu kuandika namba ndogondogo ndani ya vyumba, zile zinazoweza kukaa humo, wanaojaza zote tangu mwanzo wanajiziba macho: karatasi inajaa na swali la namba halionekani tena. Thomas Snyder, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa sudoku 2007, 2008 na 2011, anajulikana kwa kuandika namba ndogo pale tu inapokuwa imebakiwa na vyumba viwili ndani ya boksi. Mimi naanza hivyo. Mapacha na mabawa yakihitajika ndipo najaza zilizobaki, maana bila orodha kamili hayo huwezi kuyaona kwa uhakika.

Kwa hilo fumbo lako, mkuu, usiku wa leo chukua namba ambayo imeshatokea mara nne au tano. Pita nayo peke yake mistari yote, kisha safu zote, ukiweka alama pale inapobakiwa na nafasi mbili tu. Ukigota kabisa, weka picha hapa tuitazame pamoja, ila kilichoandikwa kwa kukisia kifute kwanza.