Mkuu, Liyongo wako ana Nguvu 30 lakini sindano iko wapi?

Mkuu, karatasi yako ya mhusika Fumo Liyongo, uliyomtungia mchezo wa Dungeons & Dragons, nimeisoma mara mbili. Umempa Nguvu 30, ngazi 20, alama za uhai 250 na upanga wa moto juu yake, halafu unalalamika kwamba wachezaji wamemchoka usiku wa pili, na unauliza umwongezee nini. Usimwongezee kitu. Mpunguzie. Na kabla hujafuta hata namba moja, niambie sindano, ile ya shaba inayomuua katika simulizi, umeiweka wapi, maana nimepekua mbele na nyuma sijaiona.

Nakuuliza kwa sababu kosa hilo hilo nililifanya mimi, hapa Kigoma, na lilinigharimu mwezi mzima. Naishi Gungu, na tunacheza watu wanne: mvuvi wa dagaa, fundi simu, dada anayeuza mawese Mwanga, na mimi msimulizi, yaani mwendesha mchezo. Tunacheza siku za mwezi mpevu tu. Mwezi ukiwa mkubwa taa za mitumbwi hazivuti dagaa, mvuvi wetu anabaki nchi kavu, na bila yeye mchezo hauna ladha. Kwa hiyo nikiharibu kitu mwezi huu, nafasi ya kurekebisha ni mwezi ujao.

Dadu ya pande 20 hatuna. Tuna vizibo 20 vya soda vilivyoandikwa namba kwa rangi ya kucha, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Unatikisa, unachomoa kimoja bila kuangalia, unasoma, unarudisha. Tumecheza hivyo wiki nyingi mpaka dada wa mawese akagundua kwamba kizibo cha 20 kimepinda ukingo, na fundi simu anakitambua kwa kidole. Tulikuwa tunamsifia kwa bahati! Sasa vizibo vyote vimepigwa nyundo vikawa bapa.

Kwa wanaopita tu kwenye uzi huu: mchezo wenyewe ulitoka Marekani mwaka 1974. Kila mhusika ana sifa sita, nasi tunaziita Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Haiba. Mtu wa kawaida ana 10. Ukitaka kufanya jambo gumu unaangusha dadu ya pande 20 na kuongeza nyongeza ya sifa husika: 10 haina nyongeza, 20 inakupa 5, na 30, ambayo sheria zimewaachia majoka na miungu, inakupa 10. Liyongo naye ni yule jabali wa pwani ya kaskazini, wa Pate na Ozi, mshairi na mpiga upinde ambaye nguvu zake zilimtisha mtawala hadi akataka auawe.

Sasa tazama namba yako inavyokusaliti. Usiku wa kwanza nilimleta Liyongo mwenye Nguvu 30, kama wako. Fundi simu, ambaye mhusika wake ni karani mwembamba wa forodhani mwenye Nguvu 10, kwa kuleta utani akasema anamwita Liyongo mieleka. Sheria ya toleo la 2014 inasema kila mmoja aangushe dadu, aongeze nyongeza yake, mwenye kubwa ashinde. Mimi nikachomoa 4, nikaongeza 10, nikapata 14. Yeye akachomoa 17. (Ndiyo, vizibo vilikuwa bado havijapigwa nyundo, lakini 17 haikuwa imepinda.) Karani akamwangusha Liyongo mbele ya mji mzima. Mvuvi alicheka hadi akamwaga kahawa.

Baadaye nikakaa na kalamu. Dadu mbili za pande 20 zina matokeo 400. Mtu wa Nguvu 10 anamshinda mtu wa Nguvu 30 katika matokeo 45 kati ya hayo, yaani karibu mara moja katika kila mara tisa. Ukimpa Liyongo 20 badala ya 30, anashindwa mara 105. Kwa hiyo hata ukimjaza hadi kikomo cha kitabu cha sheria, kila wachezaji wanapogusa kopo kuna uwezekano wa jabali kudondoshwa na karani.

Na mizigo je? Sheria za toleo la 2014 zinazidisha Nguvu kwa ratili 15. Nguvu 30 inabeba ratili 450, kama kilo 204, yaani magunia mawili ya mahindi na kidogo juu. Wapagazi wa bandarini hapa wanabeba gunia zima mgongoni, wanarudi kuchukua jingine, na hakuna aliyewatungia utenzi. Liyongo katika simulizi anatua mkoba mmoja, vitu vinatolewa ndani yake mpaka nyumba inajaa. Hakuna hesabu ya ratili itakayokupa hilo.

Tangu hapo nina kanuni moja mezani: jambo ambalo shujaa anajulikana kwalo halipigiwi dadu. Liyongo akisema anauvunja mlango, umevunjika. Mieleka na mtu wa kawaida, ameshinda. Dadu zinaanza pale ambapo nguvu hazimsaidii, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa sijawahi kumsikiliza Liyongo vizuri.

Hebu mfuate mwenyewe. Maadui wanamtega kwenye makoma, matunda ya mkoma, mti wa jamii ya minazi: twende tukale makoma, kila mtu apande mti kwa zamu, na zamu yake ikifika wamfume akiwa juu. Anafanyaje? Hapandi. Anatoa upinde anayaangusha makoma kwa mishale kutoka chini. Wanamfunga gerezani. Anavunja ukuta? Wapi! Walinzi wanakula chakula kizuri anacholetewa na kumwachia kibaya, basi anatunga shairi, anampa kijakazi Saada alipeleke kwa mama yake: oka mkate wa wishwa, yaani pumba, katikati weka tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa, wanamsogezea. Halafu anaomba apigiwe ngoma ya gungu kabla ya kuuawa, na matari na matoazi yanapopamba moto nje, yeye ndani anakereza pingu.

(Nikiwafafanulia wenzangu hilo walinitazama kama nawatania, maana sisi tunaokaa Gungu tunasikia jina hilo kila daladala ikisimama, lakini gungu ya Liyongo ni ngoma ya pwani. Majina yamefanana tu, sidai undugu.)

Kwa hiyo sifa yake kubwa ni Haiba. Nguvu ni sababu ya watu kumwogopa, ila kinachomtoa matatani kila mara ni ulimi na akili. Karatasi yangu ya sasa iko hivi: ngazi 8, tano za mpiganaji na tatu za mshairi. Nguvu 20, Wepesi 16, Ustahimilivu 18, Akili 14, Haiba 20. Busara 9. Alama za uhai 81 ukitumia wastani wa kitabu. Upinde mrefu anaupiga kwa nyongeza ya 8 ukimchagulia mtindo wa wapiga upinde, na mshale unafika futi 150 bila tabu, kama mita 45, na hadi futi 600 kwa kubahatisha. Uimbaji umpe utaalamu ule wa mshairi wa ngazi ya tatu unaozidisha ustadi mara mbili: 5 za Haiba na 6 za ustadi, jumla 11. Akiangusha 9 anapata 20, na 20 kwenye kitabu ni jambo gumu. Upanga wa moto mrudishie aliyekuuzia.

Busara 9 najua utaipinga. Lakini ni mtu aliyekubali mwaliko wa makoma na watu aliojua hawamtakii mema, na aliyetoa siri ya kifo chake alipoulizwa. Kwa hesabu yangu hata 9 nimembeba.

Gereza lilikuwa usiku bora tuliowahi kucheza, kwa hiyo nieleze nilivyolifanya. Liyongo nilimkabidhi mvuvi. Dada wa mawese akawa Saada, fundi simu akawa mlinzi. Pingu nikaipa alama 30, na kila mzunguko tupa inatafuna alama 1 hadi 6. Mlinzi anasikiliza kila mzunguko. Ngoma ikiwa juu, anachomoa vizibo viwili na kuchukua kidogo. Ngoma ikilegea, anachomoa kimoja tu na masikio yake yanakuwa makali. Ngoma inakaa juu kwa sharti moja: anayeimba aimbe kweli. Mezani. Kwa sauti.

Mvuvi akaanza na wimbo wa kuvuta nyavu, sisi tukaitikia huku tukipiga kopo la vizibo na sinia. Mzunguko wa nne maneno yakamwishia. Akabaki anahema, anatutazama, na fundi simu akanyoosha mkono taratibu kuelekea kopo. Dada wa mawese akadaka wimbo palepale, wa harusi sijui wa wapi, hauhusiani kabisa na gereza, na sote tukaitikia kama tumekatwa vichwa. Pingu ilikatika mzunguko wa tisa. Jirani aligonga ukuta kuanzia wa tano.

Mtego wa makoma nao umfanyie kazi kidogo. Kwetu makoma si tunda la kila siku, kwa hiyo niliwaambia wafikirie mchikichi. Dada wa mawese, ambaye kaka zake wanapanda kukata mikungu ya chikichi, akaniuliza: mtu akiwa juu, mikono inashika nini? Sikuwa na jibu. Kitabu hakimwadhibu anayepanda zaidi ya kupunguza mwendo wake nusu. Yeye akasema aliye juu ya mchikichi mkono mmoja una panga, mwingine umekumbatia mti, hata siafu humtoi, sembuse mshale. Tukaongeza sheria yetu: anayemfuma mtu aliye juu ya mti anachomoa vizibo viwili, anachukua kikubwa. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kupanda, na Liyongo alipotoa upinde kila mtu alielewa sababu.

Tufike kwenye sindano. Liyongo hadhuriki kwa silaha za kawaida, ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo anaitoa kwa mwanawe wa kumzaa, aliyetumwa aidodose kwa ahadi ya kuozwa binti wa mtawala, na mtoto anamchoma baba akiwa usingizini. Ukijaribu kuiendesha kwa kitabu unaanguka. Aliyelala hajitambui, sawa, pigo la karibu likimpata linahesabiwa pigo la hatari na dadu za madhara zinakuwa mbili. Lakini sindano ina madhara gani? Mpe kama ya kisu, dadu mbili za pande nne, zisizozidi 8. Kati ya 81. Jabali anaamka, anajikuna kitovu, anamzaba mtoto kibao.

Basi usiiandike kwenye madhara. Mimi niliiandika kwenye kipande cha karatasi, nikakikunja mara nne, nikakiweka chini ya kopo tangu usiku wa kwanza wa karatasi yangu mpya. Nikawaambia: hapa kuna neno, na mwenye kulisoma anaweza kumuua Liyongo bila dadu. Atalisoma yule tu ambaye Liyongo mwenyewe atamruhusu. Sikueleza zaidi.

Miezi mitatu karatasi ilikaa pale. Walikuwa wanaitazama kila wakitikisa kopo. Wakaacha kuuliza Liyongo ana nguvu kiasi gani, wakaanza kuulizana nani anamwamini nani. Usiku wa mwisho fundi simu, ambaye karani wake alishakufa na sasa anamcheza mtoto wa Liyongo, akamgeukia mvuvi, akamwambia kwa sauti ndogo, bila utani hata kidogo: "Baba, nikisome?" Mvuvi alinyamaza. Alijua. Sote tulijua. Akainua kopo mwenyewe, akamsukumia kile kipande.

Baada ya hapo usikimbilie kufunga mchezo, maana kuna kisima. Liyongo, sindano ikiwa mwilini, anakwenda kisimani, anapiga goti, anaweka mshale kwenye upinde, anakata roho katika hali hiyo. Mji mzima unakosa maji kwa kumwogopa maiti, hadi mama yake anaitwa kumbembeleza. Kwenye karatasi yangu alama za uhai zikifika sifuri kuna mstari mmoja tu: anayetaka kumkaribia aangushe dadu ya Busara, ugumu 20, akishindwa anarudi na ndoo tupu.

Tulijaribu watatu, kila mtu na ndoo yake. Mvuvi akachomoa 6, mimi, niliyeingia na mwanakijiji wangu wa dharura, 11, dada wa mawese 15. Fundi simu alikataa kuchomoa. Alisema mtoto hawezi kwenda kule, akakunja kile kipande upya na kukirudisha chini ya kopo. Mwezi ulikuwa umeshaanza kupungua, mvuvi akaenda kutengeneza taa zake, na kisima tumekiacha hivyo hivyo.