Unataka kuingia kwenye menejimenti ya michezo ukiwa bado chuo? Anza na karatasi

Wadogo zangu wengi wananiuliza waanzie wapi kwenye hii fani, na karibu wote wanataka waanzie juu, yaani uwakala, kukaa pembeni ya staa siku anasaini mkataba. Nawaelewa, na mi hamu hiyo nilikuwa nayo. Ila ushauri wangu ni mmoja tu, nenda kwa kocha wa timu ya chuo chako umwambie unataka kushika kazi za karatasi. Hatakukatalia, maana ni kazi ambayo hakuna anayeigombania.

Mi nilianzia hapo hapo, orodha ya wachezaji, vitambulisho, usafiri, maji, jezi. Siku ya mechi ndo unaijua kazi yenyewe. Jezi ya kipa isifanane na ya wachezaji wengine wala ya waamuzi, tepu anayofunga mchezaji juu ya soksi iwe rangi ya ile soksi, fulana ya ndani iendane na rangi ya mkono wa jezi, hayo yote yako kwenye sheria namba 4 ya mpira wa miguu na refa akikaza mchezaji wako anatoka nje akarekebishe wakati timu inashambuliwa. Kwa hiyo nilikuwa natembea na tepu za rangi zote za soksi zetu kwenye begi, napita kwa mmoja mmoja wakati wanavaa, kocha anaingia uwanjani akiwaza mbinu tu. Baada ya muda akawa hapangi safari bila kuniuliza, na hapo ndo unajua umeshaingia.

Kama timu ya mpira ya wanaume ina watu wengi nenda ya wanawake, au wavu, au kikapu, huko watu wa kusaidia ni wachache halafu unashika mambo makubwa mapema sana.

Sasa jioni usome kanuni, na za FIFA ziko bure kwenye mtandao. Anza na ile ya usajili na uhamisho wa wachezaji. Humo kuna kitu kinaitwa mchango wa mshikamano, mchezaji akiuzwa kwenda klabu ya nchi nyingine asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 mpaka ule wa miaka 23, yaani ada ikiwa yuro milioni 10 basi laki 5 zinarudi kwa waliomfundisha. Klabu ndogo ikipata mgao wa hiyo hela inaweza kujiendesha muda mrefu tu, lakini lazima ionekane kwenye kumbukumbu kwamba dogo alisajiliwa kwao, kuanzia lini mpaka lini. Ndo maana nawasumbua sana na karatasi jamani, fomu moja ya mtoto wa miaka 13 iliyotunzwa vizuri inaweza kuwa na thamani kuliko udhamini wa msimu mzima!

Uwakala unawezekana pia, sikukatishi tamaa. FIFA walirudisha leseni na mtihani mwaka 2023, maswali 20 ya kuchagua na kufaulu ni asilimia 75, na yanayoulizwa ni hizo hizo kanuni, so ukizisoma saivi hujapoteza kitu.

Suala la hela niseme ukweli, mwanzoni mara nyingi hamna. Kujitolea sawa ila kuwe na mwisho, kubaliana nao tangu mwanzo kwamba nauli na chakula siku ya mechi ni juu ya timu, na msimu ukiisha wakupe barua yenye tarehe na kazi ulizofanya moja moja, sio ile ya "alikuwa kijana mwenye bidii". Bora uiandike mwenyewe rasimu, umpelekee kocha aisome na kusaini kabla watu hawajaenda likizo.