Duka linauza, mzigo unapungua: nimfukuze kijana?

SWALI

Kaka mhasibu, habari za kazi. Nina duka la vyakula Kihonda, Morogoro. Nilianza tarehe 1 Februari na mtaji wa milioni 6: mzigo wa shilingi 5,200,000 na keshi 800,000. Tarehe 31 Mei usiku nilifunga duka nikahesabu mzigo wote kwa bei ya kununulia, nikapata 3,900,000. Hela iliyopo, ya droo na ya kwenye simu, ni 260,000. Wateja wananidai uvumilivu tu: nimewakopesha 640,000.

Risiti za manunuzi nimezitunza zote, jumla 24,150,000. Kila jioni nahesabu hela ya droo na kuandika kwenye daftari. Kwa miezi minne imefika 27,600,000. Naongeza asilimia 15 juu ya bei ya jumla. Nusu ya ninachonunua ni sukari, sembe, mchele na mafuta. Kodi ya fremu, umeme, mshahara wa kijana na nauli za kufuata mzigo mjini ni 310,000 kwa mwezi.

Kwa hesabu yangu nauza kama 6,900,000 kwa mwezi. Asilimia 15 yake ni 1,035,000, nikitoa gharama nabaki na 725,000. Sizioni! Mume wangu anasema kijana ananiibia, nimfukuze. Kuna njia ya kujua kwa hesabu? Na je, TRA (Mamlaka ya Mapato) wanaweza kunitoza kodi wakati faida yenyewe siioni?

Mama wa duka, Kihonda

JIBU

Dada yangu, salama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yako ina daftari na bado imepotea, lakini angalau imeacha habari. Kwa takwimu ulizonipa tunaweza kumfuata mwizi mpaka mlangoni kwake. Wenye maduka wengi wanaonijia na kilio kama chako hawana hata risiti moja.

Tuanze na ile asilimia 15, maana hapo ndipo umejidanganya mapema. Ukinunua kitu 1,000 ukakiuza 1,150, faida yako ni 150. Hiyo 150 ni asilimia 15 ya ulichonunulia. Ukiilinganisha na ulichouzia, yaani 150 gawanya kwa 1,150, ni asilimia 13 tu na ushee. Wewe umechukua asilimia ya bei ya kununua ukaipiga kwenye mauzo. Kwa mauzo ya 6,900,000, faida ghafi ya kweli, yaani kabla ya kutoa gharama, hata kama kila kitu kingeenda sawa, ni 900,000. Ile 135,000 ya juu yake haikuwahi kuwepo. Hakuna aliyeiiba, ilizaliwa kwenye kikokotoo.

Sasa faida yenyewe. Faida ya duka haionekani kwenye droo. Inapatikana kwa mzigo: chukua mzigo wa mwanzo, ongeza ulionunua, toa uliobaki. Kinachopatikana ni gharama ya vitu vilivyotoka dukani. Kwako ni 5,200,000 + 24,150,000 − 3,900,000 = 25,450,000. Mauzo ni hela uliyoandika, 27,600,000, pamoja na mikopo ya wateja 640,000, kwa sababu mzigo wao umetoka hata kama hela haijaingia. Jumla 28,240,000. Toa 25,450,000, faida ghafi ni 2,790,000. Gharama za miezi minne ni 1,240,000. Faida halisi inabaki 1,550,000, kama 387,500 kwa mwezi.

Kwa hiyo duka lako linaleta faida. Si ile 725,000 uliyoiota, lakini hasara haipo.

Basi hela imekwenda wapi? Chukua kalamu. Ulianza na keshi 800,000. Ukaingiza 27,600,000. Ukanunua mzigo wa 24,150,000 na kulipa gharama 1,240,000. Mkononi ulipaswa kuwa na 3,010,000. Una 260,000. Zilizokosekana ni 2,750,000.

Hizi 2,750,000 zilihesabiwa jioni na wewe mwenyewe, zikaandikwa kwenye daftari kwa mkono wako. Zilishatoka kwenye mikono ya kijana. Anayeiba kwenye droo huiba kabla hujahesabu, hawezi kuiba hela uliyokwisha kuiandika na kuondoka nayo. Ni wastani wa shilingi 22,900 kwa siku, na nadhani ukikaa chini na mzee nyumbani mtazikumbuka: ada, kikoba, mchango wa harusi, gesi, ile safari ya msibani, mboga ya kila siku. Barua yako ina kodi ya fremu, ina umeme, ina nauli, lakini haina hata mstari mmoja unaosema wewe unakula nini. Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona.

Angalia inavyofunga. Mtaji ulikuwa 6,000,000. Leo una mzigo 3,900,000, keshi 260,000 na madeni unayowadai wateja 640,000, jumla 4,800,000. Umepungua kwa 1,200,000. Faida ilikuwa 1,550,000, mmetoa 2,750,000, tofauti ni ile ile 1,200,000. Hesabu ikifunga namna hii hakuna haja ya kwenda kwa mganga. Mmekula faida yote, kisha mkaanza kula mtaji.

Lakini kijana hajatoka bado. Kuna sehemu ambayo angeweza kujificha, na haki ni kuiangalia. Vitu vilivyogharimu 25,450,000, vikiuzwa kwa nyongeza ya asilimia 15, vingeleta 29,267,500. Vimeleta 28,240,000. Pengo ni 1,027,500. Hii haikuandikwa popote, na hapa ndipo mume wako angepata hoja.

Ila kabla ya kumwita kijana, nenda kwenye gunia la sukari. Nitatumia bei za mfano, wewe weka zako. Gunia la kilo 50 umelinunua 130,000, yaani 2,600 kwa kilo. Asilimia 15 ingetaka uuze 2,990. Nani Kihonda atanunua kwako kwa 2,990 wakati jirani anauza 2,900? Kwa hiyo nawe unauza 2,900. Tayari umeshuka mpaka asilimia 11 na nusu. Ukipima kilo moja moja, gunia la kilo 50 halitoi kilo 50. Kuna inayomwagika, kuna kile kijiko cha mwisho unachomwongezea mteja ili mizani iiname akuone mtu mwema. Tuseme zimetoka kilo 49: mauzo ni 142,100. Halafu vifungashio. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, ule mfuko wa kufungia si wa bure kama zamani. Kwa shilingi 30 kila mmoja, kilo 49 zinakula 1,470. Faida ya gunia zima inabaki 10,630. Hiyo ni asilimia 8 ya ulichonunulia.

Umesema nusu ya mzigo wako ni sukari, sembe, mchele na mafuta, vitu ambavyo mtaa mzima unajua bei yake na hakuna anayethubutu kuipandisha. Nikichukulia kwamba vyote vinne vinakupa asilimia 8 badala ya 15, nusu ya 25,450,000 ni 12,725,000, na asilimia 7 ya hiyo ni 890,750. Pengo la 1,027,500 sasa limebaki 136,750. Kwa siku 120 ni kama shilingi 1,140 kwa siku.

Shilingi 1,140 kwa siku ni nini? Ni mkate mmoja ulioota ukungu. Ni biskuti ya mtoto akitoka shule, kipande cha sabuni na robo kilo ya sukari iliyopanda nyumbani bila kuandikwa. Ni buku ya bodaboda uliyoichomoa mchana kwenye droo kabla ya kuhesabu. Kusema kweli, duka la vyakula lenye upotevu mdogo hivyo ningelipongeza. Kijana hana pa kuiba hapo, labda kama bei zako za sembe na mchele ni nzuri kuliko nilivyodhani. Hilo utalijua kwa kufanya hesabu ya gunia kwa kila bidhaa kati ya hizo nne. Usinitegemee mimi niliyekaa mbali na mizani yako. Na mizani yenyewe iangalie. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani za biashara, na ikiwa inakupunja wewe badala ya mteja hutasikia mtu akilalamika.

Ukitaka kumpima kijana bila kumdhalilisha, chagua vitu vitano vidogo vyenye thamani, visivyopimwa kwa kilo: maziwa ya kopo, betri, wembe, sigara kama unauza, sabuni za kuogea. Vihesabu asubuhi kabla hujaondoka, uandike, na kijana aandike kila kimoja anachokiuza. Jioni vihesabu tena. Vilivyopungua zidisha kwa bei, ulinganishe na alichokuandikia. Fanya hivyo wiki mbili na umwambie wazi kwamba unahesabu. Usimtegee. Nimewahi kumshauri mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyemfukuza mpwa wake kwa wizi. Tulipofunga hesabu miezi mitatu baadaye pengo lilikuwa pale pale, na mpwa hakurudi wala hakumsalimia tena.

Sasa la kufanya. Jipangie mshahara. Duka linatoa 387,500 kwa mwezi, nyumba imekuwa ikichukua wastani wa 687,500. Hapo hakuna ujanja wa kihasibu: ama nyumba ishuke, ama duka lipande. Kwa sasa ningechukua 60,000 kila Jumamosi, mara moja, kwa kuandika, na droo isiguswe mpaka Jumamosi nyingine. Hiyo inaacha karibu 130,000 kwa mwezi za kurudisha mtaji. Kwa mwendo huo ile 1,200,000 itarudi baada ya miezi tisa hivi, na najua ni mirefu. Ada isitoke dukani ghafla. Ikifika Januari tayari iwe imewekwa pembeni kutoka kwenye mshahara wako na wa mzee. Kitu kinachotoka dukani kwenda nyumbani kiandikwe kwa bei ya kununulia, hata kiberiti. Mtacheka wiki ya kwanza.

Mikopo ya wateja isizidi 300,000 kwa jumla, na asiyelipa ya mwezi uliopita asiandikiwe mpya. Hiyo 640,000 ni zaidi ya theluthi moja ya faida yako yote ya miezi minne, imekaa kwenye daftari haiwezi kununua hata gunia moja. Kuhusu asilimia, kwenye sukari na sembe huna nguvu, lakini kwenye viungo, chumvi, njiti, nyuzi na vikorokoro vingine vya rafu ya juu unaweza kuongeza 25 au 30 na mteja asishtuke, kwa sababu hakuna anayetembea mtaa mzima kulinganisha bei ya bizari. Na kama utaanza uwakala wa pesa za simu kama wenzako wengi, droo iwe ya pili. Hela ya floti, yaani ile ya kuhudumia wateja wa simu, ikichanganyika na mauzo, hata mimi sitakusaidia.

Swali la TRA jibu lake halitakufurahisha. Mfanyabiashara mdogo, mtu binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 100, huwekwa kwenye kodi ya makadirio, na kodi hiyo inapigwa juu ya mauzo, haiangalii faida. Kwa mwendo wako mauzo ya mwaka yanaelekea 84,720,000, kwa hiyo umo. Kumwambia afisa "sioni faida" ni kumjibu swali ambalo hakuuliza. Ila Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mtu binafsi kuchagua kutoka kwenye utaratibu huo na kutozwa kwa faida, akiwa na hesabu kamili. Kwa duka lenye faida nyembamba kama lako, tofauti inaweza kuwa kubwa. Peleka risiti na daftari lako kwa mhasibu aliyesajiliwa hapo Morogoro akupigie njia zote mbili kabla hujakubali makadirio ya mwaka ujao. Kodi yenyewe hulipwa kwa awamu nne, kwa hiyo iwekee akiba kila wiki kama unavyoiwekea kodi ya fremu.

Kijana mlipe mshahara wake. Tarehe 30 Juni usiku mhesabu mzigo pamoja, yeye anataja, wewe unaandika, kisha uniletee takwimu tano tu: mzigo uliobaki, manunuzi ya Juni, hela ya jioni zote, madeni ya wateja, na ulichochukua wewe.