Servo zinatetemeka injini ikiwaka tu

Kaka hapo Lindi, kama unavyosema kwenye ndege yako ya rimoti ya injini ya petroli servo (vimota vinavyosukuma usukani na kabureta) zimetulia injini ikizimwa ila ukiwasha tu zinatetemeka, basi usihangaike kununua servo kwanza, mara nyingi shida ipo kwenye moto wa plagi. Vua kofia ya plagi uiangalie vizuri, ikilegea au ule wavu wa chuma unaofunika waya ukikatika, makelele ya umeme ya cheche yanavuja mpaka kwenye risiva, kile kifaa ndani ya ndege kinachopokea mawimbi ya rimoti. Yangu huku Mikindani nilikuta kutu ya kijani chini ya kofia, chumvi ya bahari hii jamani, nikaisugua nikaibana ikatulia kabisa. Risiva ikae mbali na CDI (kile kiboksi kinachotengeneza moto wa plagi), sentimita 30 hivi, kila moja na betri yake. Fimbo inayounganisha servo na kabureta kama ni chuma weka ya plastiki. Halafu pima rimoti inashika mpaka umbali gani injini ikinguruma, mtu kaishikilia ndege kwa nyuma, usirushe kabla ya hapo tafadhali.